Ezell Merriweather Hakulia

Katika mji wa Tallow Creek, huko Georgia, nyumba ambayo Ezell Merriweather hajaingia uvunguni mwake bado haijajengwa. Yeye ni fundi wa viyoyozi. Joto la Julai likikaza, tajiri na fukara, Mzungu na Mweusi, wote humpigia simu kwa sauti ile ile ya unyenyekevu, naye huja na tochi, hulala kifudifudi, hutambaa chini ya sakafu za watu akitafuta bomba lililopasuka. Watu wasioweza kumkaribisha sebuleni wamemkaribisha uvunguni kwa miaka thelathini. Wakishapata ubaridi wao humwita Ezell, kavukavu, hata watoto wao. Jambo hilo alikwisha kulitafutia dawa: hamwiti mtu yeyote Bwana mpaka aitwe yeye kwanza. Wamempotea wateja kadhaa kwa ajili hiyo, na Agosti wote walirudi.

Lakini Ezell wa Ijumaa si Ezell wa Julai. Msimu wa mpira ukianza, mji mzima huhamia uwanja wa sekondari. Nasema mpira ule wa kofia ngumu na mabega ya bandia. Ukitaja mwingine pale utachekwa. Timu hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi kumi. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Kwa macho ya watu, yadi kumi ni ugomvi. Kwa hiyo kuna watu wanne pembeni mwa uwanja wenye mnyororo wa yadi kumi kamili, umefungwa kwenye nguzo mbili, na mwamuzi akiwa na shaka huwaita waulete katikati. Ezell hushika nguzo ya nyuma. Purvis Lockett, rafiki yake wa toka utoto, mwenye duka la matairi, hushughulika na kibanio: kidude kidogo cha chuma anachokibana kwenye mnyororo pale unapokatiza mstari wa chokaa, ili ukibebwa hadi katikati urudi palepale ulipotoka. Bila kibanio, mnyororo huo ni wa kufungia mbwa tu. Wameifanya kazi hiyo miaka ishirini na sita, na malipo yao ni karanga za kuchemsha na soda.

Kabla ya mnyororo, Ezell alikuwa mchezaji, jezi namba thelathini na nne. Wazee wakimsimulia namba thelathini na nne hunyoosha mikono kama watu wanaosimulia samaki waliyemvua, ila safari hii samaki alikuwa wa kweli. Chuo kikuu kilimwandikia barua, kikimwita akasome na kukichezea. Barua ilikaa ndani ya bahasha yake juu ya friji la mama yake, mfuaji wa nguo za watu, na kila mgeni alilazimishwa kuisoma.

Mwaka themanini na nne, baada ya mechi ya mwisho, vijana wa Tallow Creek walipigana na vijana wa mji wa jirani kwenye kituo cha mafuta. Ezell alimpiga mmoja akamvunja taya. Hoyt Landrum, mrusha mpira wa timu, namba kumi na mbili, mwana wa mwenye kinu cha karanga, alimkanyaga mwingine mpaka mbavu zikalia. Walipelekwa rumande katika gari moja, wakafungwa pingu moja, mkono wa huyu na mkono wa yule. Asubuhi pingu ilifunguliwa na vijana hao wawili wakagawanywa. Hakimu alisema Hoyt ana maisha mbele yake, akamwamuru aoshe magari ya polisi kila Jumamosi hadi Krismasi. Ezell, ambaye maisha yake yalikuwa mbele vilevile, juu ya friji, alipewa miaka mitano. Akakaa mitatu na miezi saba, kisha akawekwa chini ya uangalizi miaka mingine mitano. Alipotoka, jezi yake haikuwa tena kwenye ukuta wa ukumbi wa shule. Kumi na mbili ilikuwepo. Ipo hadi leo, inafutwa vumbi.

Hoyt akawa diwani wa kaunti. Miaka sita iliyopita alilewa, akaliendesha gari lake hadi ndani ya uzio wa kanisa la Kimethodisti, kisha akasema aliyeendesha ni kibarua wake. Uongo huo uliishi siku mbili. Ijumaa yake akasimama katikati ya uwanja na kipaza sauti, akalia. Alilia vizuri, lazima niseme haki. Uwanja mzima ukasimama ukapiga makofi, na tangu siku hiyo mabango yake ya kampeni yana maneno haya: Kila Mtu Anastahili Nafasi ya Pili. Kibarua yule hakuna aliyeuliza yuko wapi.

Basi ndiye huyu Hoyt ambaye Ezell aliamua kugombea naye kiti.

Hakuanza kwa kisasi, ingawa mimi nisingemlaumu. Alianza kwa harufu. Mtu anayetambaa chini ya nyumba za mji mzima anaujua mji kuliko ramani. Upande wa kilimani uvungu ni mkavu, unaweza kulala. Huku Mtaa wa Chini, wanakoishi Weusi, maji ya choo yamesimama chini ya vitanda vya watu, kwa sababu bomba la taka la kaunti liliishia relini mwaka sitini na mbili na halikuvuka. Kila mwaka Hoyt alisema litavuka mwakani. Mwaka wa uchaguzi, Februari, Ezell alitambaa chini ya nyumba ya bibi mmoja wa miaka tisini, akatoka ameloa hadi kifuani, akaenda moja kwa moja mahakamani, jengo lenye ofisi zote za kaunti, akinuka vilevile, akajaza fomu ya kugombea udiwani. Karani aliipokea kwa ncha za vidole.

Miezi saba kampeni ilikwenda kwa heshima. Oktoba ilipoingia, mabango mapya yakachomoza kando ya barabara. Picha ya polisi ya kijana wa miaka kumi na minane, jicho moja limevimba, ubao wa namba kifuani. Chini yake: Je, Unamjua Kweli? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Bwana Nafasi ya Pili alikuwa amezimaliza zote mwenyewe.

Jioni ile Odessa, dada yake Ezell, aliyehamia kwake tangu mkewe afariki, alikuwa anakaanga kambare. Mchungaji Gaines alikuwa amekwisha jialika.

"Ndugu Ezell," Mchungaji alisema, "Alhamisi kuna mdahalo. Watakuuliza. Simama mbele yao, waambie ulikosa, Bwana alikugusa. Na kama machozi yatakuja, yaache yaje."

"Na yasipokuja?"

"Yasaidie."

"Mimi si bomba, Mchungaji. Mabomba nayatengeneza."

Odessa aligeuza samaki kwa hasira. "Kiburi hicho! Wazungu wanapenda kuona mtu analia, wape wanachopenda. Dakika mbili tu! Kwenye mazishi ya mama ulilia dakika arobaini, tena bila kura hata moja."

"Nilimlilia mama."

"Lililie bomba basi! Walilie hao bibi wanaolala juu ya mavi!"

"Dada, kijana yule niliyemvunja taya nilimwandikia barua nikiwa ndani. Nikamwomba radhi, akanijibu. Yeye ndiye mwenye taya. Hawa wengine niliwavunja nini?"

Mchungaji alivuta sahani, kwa maana kambare walikuwa tayari.

"Mwaka ule siutaji," Ezell akamaliza. "Sijautaja miaka yote hii, na sitaanza kwa kulazimishwa na Hoyt Landrum."

Na kweli alikuwa hajautaja. Hapo ndipo palipokuwa na kidonda, ila yeye alikiona kuwa ni kovu la heshima. Alikuwa amejenga maisha yake juu ya kutolitamka neno jela, na mji wa Weusi, kwa kumpenda, ulimsaidia kutolitamka. Kinyozini wazee wakihesabu miaka waliruka kutoka themanini na nne hadi themanini na nane, kama kwamba ile ya katikati ililiwa na nondo.

Alhamisi, ukumbi wa shule ulijaa. Jezi namba kumi na mbili ilining'inia juu ya kichwa cha Hoyt. Mama mmoja wa kilimani alisimama, akasema kwa upole mwingi mno, "Ezell, tungependa tu kusikia moyo wako kuhusu tukio lile. Je, umejutia?"

Ezell alivuta kipaza sauti. "Mama, mimi ni Bwana Merriweather. Nilihukumiwa mara moja, na mtu mwenye joho, na kifungo kile nilikitumikia hadi siku ya mwisho. Wewe unataka kunihukumu tena, na huna joho. Uvungu wa nyumba yako ni mkavu. Nauliza: kwa nini wa Mtaa wa Chini una maji? Hilo ndilo tulilolijia hapa."

Nusu ya ukumbi ililipuka kwa makofi. Purvis alisimama juu ya kiti, mtu wa kilo mia na ishirini, akapiga mluzi hadi Odessa akaziba masikio. Hoyt alitabasamu na kutikisa kichwa kwa masikitiko, kama daktari. Ezell alikwenda nyumbani akijua ameshinda.

Siku ya kura Purvis hakufungua duka. Aliliosha gari la duka lake, akabandika picha ya Ezell milango yote miwili, akawa anawabeba wazee wa Mtaa wa Chini kuwapeleka kituoni na kuwarudisha, kutwa nzima, yeye akiwasubiri ndani ya gari redio ikiimba. Ezell alimpita mara tatu. "Vipi, umeshapiga?" alimuuliza mara ya pili. "Ah, wewe shughulika na mambo yako, Diwani!" Purvis alijibu, akapuliza honi.

Walihesabu. Wakahesabu tena, kwa kuwa tofauti ilikuwa ndogo. Ezell Merriweather alishindwa kwa kura tisa.

Alishika kichwa kwa siku mbili. Simu zilipigwa za pole, na kila mtu alikuwa na ushauri: asiyekubali kushindwa si mshindani, Ezell, umejitahidi, Ezell, ungelia kidogo, Ezell. Bibi wa miaka tisini alituma keki na ujumbe kwamba amezoea harufu. Hiyo ndiyo iliyomuuma.

Ijumaa ilikuwa mechi ya mwisho wa msimu, na mnyororo haujui uchaguzi. Ezell alivaa fulana yake nyeupe akaenda. Kabla ya mpira kuanza, Hoyt alivuka mstari na kuja pembeni mkono mbele, mwandishi wa gazeti la mji akimfuata na kamera.

"Umepigana kiume, Ezell. Na mimi si mtu wa kinyongo. Nimezungumza na shule. Ile thelathini na nne yako, msimu ujao tunairudisha ukutani. Utasimama pale katikati, useme maneno mawili tu ya kuomba radhi, halafu tunaipandisha. Watu wanataka kukusamehe."

Ezell alikuwa na nguzo mkono wa kulia. Hakuihamisha.

"Hoyt, jezi ile ilishushwa bila mimi kuulizwa. Ikipanda, na ipande hivyohivyo. Sasa toka kwenye mstari, umesimama mahali pa mnyororo."

Mwandishi alishusha kamera. Purvis, aliyesimama hatua mbili kutoka pale, hakucheka. Siku nyingine yoyote angecheka mpaka karanga zimtoke puani.

Mechi ikaenda hadi robo ya mwisho. Tallow Creek walikuwa nyuma kwa pointi nne, jaribio la nne, mpira umelala pale ambapo hakuna jicho linaloweza kuapa. Mwamuzi akapima kwa macho, akatikisa kichwa, akaita mnyororo. Uwanja mzima ukasimama. Ezell aliinua nguzo yake, akaanza kutembea kuelekea katikati, na alipogeuka kumtazama Purvis ashike pale penye kibanio, alimwona amesimama na mikono mitupu. Kibanio kilikuwa kinaning'inia kwenye suruali yake.

Mnyororo ulikuwa umeshatoka. Hakuna aliyejua tena ulianzia wapi.

Mwamuzi alitukana polepole ili watoto wasisikie. Akaamua kwa macho, na macho yake yakasema: umepungua. Mpira ukapewa wageni, na mechi ikaenda nao.

Jukwaa liliwaka moto. Na kwa kuwa watu wakikasirika humtafuta yule ambaye jina lake liko karibu na ulimi, walimwona Ezell tu. "Merriweather, hata kupima hujui!" "Ndiyo sababu tumekunyima kura!" "Jela wanapimaje, kwa shibiri?" Chupa ya soda ilitua karibu na miguu yake. Ezell alisimama wima na nguzo yake hadi kelele zilipochoka, hakumtaja mwenye kibanio, hakuinamisha kichwa. Kisha alimshika Purvis kiwiko, akamvuta nyuma ya kibanda cha karanga.

"Miaka ishirini na sita! Mvua, baridi, siku uliyotoka kumzika baba yako, hujawahi kusahau kibanio! Leo una nini, mtu mzima wewe?"

Purvis alikuwa analia. Kilo mia na ishirini za mtu, anatetemeka kama jeli. "Ezell, mimi sikupiga kura."

"Unasemaje?"

"Sikupiga. Sijawahi kupiga. Mimi nilihukumiwa, unajua, mwaka tisini na moja, yale magunia mawili ya njugu za pekani niliyoiba kwa Landrum. Mtu akishahukumiwa hapigi kura. Baba aliniambia. Kila mtu anajua."

Ezell alimwachia kiwiko. "Purvis. Mimi nilihukumiwa. Mimi napiga kura tangu mwaka tisini na tatu. Mimi nilikuwa *mgombea*!"

"Nilidhani wewe ulisamehewa. Na gavana, au na nani sijui, kwa ajili ya mpira. Nilidhani wewe ni wewe."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nikuulizeje?" Purvis sasa alipaza sauti, hasira imepenya katikati ya machozi. "Nani anakuuliza wewe jambo hilo? Mtu akikaribia tu mwaka themanini na nne uso wako unafunga duka! Nimekaa na wewe miaka arobaini, Ezell, sijui hata ulifungwa gereza gani!"

Ezell alikaa chini juu ya kreti ya soda. Alikumbuka siku ambayo afisa wa uangalizi, mama mmoja mzee wa Kizungu mwenye kikohozi, alifunga faili lake kwa mara ya mwisho na kumwambia bila kuinua macho kwamba kwa sheria za jimbo, mtu aliyekamilisha adhabu yake yote anaweza kujiandikisha kupiga kura, ofisi iko ghorofa ya pili. Alipanda ngazi peke yake, na suti ya kanisani, akajiandikisha, akashuka. Hakumwambia mkewe wala mama yake. Kusema kwamba haki imerudi kulimaanisha kusema kwamba iliwahi kuondoka. Akaificha furaha yake pamoja na aibu yake, kwenye mfuko mmoja.

"Wako wangapi?" aliuliza.

"Wangapi nini?"

"Kama wewe."

Purvis alijipangusa uso kwa fulana. Alianza kutaja majina, na alipofika jina la tisa Ezell alimwomba anyamaze.

Jumamosi mchana kinyozini kwa Winfred Askew hujaa hadi mlangoni, na runinga huonyesha mpira wa vyuo tangu saa sita hadi Winfred anapofunga. Ezell aliingia akasimama katikati ya chumba, kofia mkononi.

"Wewe vipi?" Winfred alisema. "Umekuja kunyoa au kuungama? Kama ni kuungama, Mchungaji yuko kiti cha pili, tena ana sabuni usoni."

"Zima runinga, Winfred."

Kuzima runinga mahali pale siku ya Jumamosi ni jambo ambalo hata kifo hakijawahi kulifanya. Winfred alimtazama usoni, akaizima.

"Nilifungwa," Ezell alisema. Neno lilitoka gumu, kama skrubu iliyoshika kutu. "Miaka mitatu na miezi saba. Nililima barabara za kusini mwa jimbo hili nikiwa na pingu miguuni. Nilipomaliza nikajiandikisha, na nikapiga kura miaka yote hii, na sikumwambia yeyote kati yenu kwamba inawezekana. Nilidhani nikinyamaza ndio nimesimama wima. Kumbe nimesimama mlangoni nikawazibia. Nimeshindwa kwa kura tisa, na naona nilizikalia mwenyewe. Radhi ambayo Hoyt anaitaka haipo. Hii ya kwenu ipo. Nisameheni."

Winfred aliuweka mkasi chini.

"Mficha uchi hazai," alisema mzee mmoja pembeni, wala si kwa kumkejeli. Alikuwa shemasi Lemuel Battle, miaka sabini na mmoja, mshika sahani ya sadaka, mtu ambaye watoto hunyamaza akipita. Aliinuka kwa fimbo yake. "Mimi nilitoa hundi ya uongo mwaka sabini na nane. Nilikaa miezi kumi na minne. Mke wangu anaamini nilikuwa Detroit, kiwandani."

"Shemasi!" Mchungaji Gaines alisema, povu la sabuni likidondoka.

"Nyamaza, Mchungaji, unanyolewa." Mzee aligeukia chumba. "Haya. Nani mwingine alikuwa Detroit?"

Mtu mmoja alicheka, wa pili akacheka, halafu mkono mmoja ukainuka, na mwingine, na mwingine. Mpaka saa kumi alasiri, wakishapita pia kwenye duka la matairi na kwenye banda la samaki, walikuwa watu kumi na saba, na wawili kati yao walikuwa akina mama.

Jumanne, wiki moja kamili tangu kushindwa, walipanda ngazi za mahakama hadi ghorofa ya pili, wamevaa kama watu wanaokwenda harusini. Karani wa kura, Bi Darlene Stubbs, alitazama foleni ikizidi kuingia mlangoni kwake.

"Ezell, uchaguzi umepita."

"Bwana Merriweather."

Bi Darlene alimtazama. Kiyoyozi cha nyumbani kwake kilikuwa na miaka kumi na miwili. "Umepita, Bwana Merriweather."

"Najua, Bi Stubbs. Nilikuwepo. Kuna mwingine unakuja, na mwingine nyuma yake."

Purvis alikuwa wa kwanza. Kalamu ilipotea kabisa ndani ya mkono wake. Bi Darlene alimsomea kiapo, kwamba hatumikii kwa sasa adhabu ya kosa kubwa la jinai. Purvis alitazama nyuma. Kwenye korido, kikombe cha kahawa mkononi, alikuwa amesimama Hoyt Landrum. Ofisi yake iko ghorofa hiyohiyo, na foleni ilikuwa imeziba mlango wake.

"Niliiba magunia mawili ya njugu za pekani," Purvis alisema, kwa sauti ile ya siku ya kura, ile ya honi. "Mwaka tisini na moja. Nimemaliza."

"Bwana, sihitaji maelezo. Ni kutia sahihi tu."

"Wewe huyahitaji. Mimi ninayahitaji."

Akatia sahihi. Shemasi Battle hakungoja kufika mezani. "Hundi ya uongo!" alisema, akagonga fimbo sakafuni. "Sabini na nane! Nimemaliza!" Nyuma yake mama mmoja wa banda la samaki akasema lake, na nimemaliza yake, na yule aliyefuata akasema, na aliyefuata. Milango ya ofisi nyingine ilifunguka, vichwa vikachungulia. Wengine walisema kwa kunong'ona, wengine kwa kishindo, lakini hakuna hata mmoja aliyelia, na hakuna aliyeomba kitu isipokuwa kalamu.

Wa mwisho kwenye foleni alikuwa Ezell. Bi Darlene alifungua mashine yake, akainua macho. "Wewe tayari umo. Tangu tisini na tatu."

"Najua. Sikuja kujiandikisha." Aligeuka, mgongo kwa meza, uso kwa korido, ili kila kichwa kilichochungulia kimsikie. "Nilimvunja mtu taya, usiku wa mechi, mwaka themanini na nne, pale kituo cha mafuta. Nimemaliza."

Kahawa ya Hoyt ilikuwa imeacha kutoa moshi.

"Hoyt," Ezell alisema, "usiku ule tulikuwa na pingu moja. Foleni ndiyo hii. Sema lako."

Purvis akavuta tumbo ndani, akasogea kando kumpisha.